Pointi za Mama

Mama yangu ana miaka sabini, na huendesha gari polepole hadi watu humpigia honi. Gari ni yake, lakini kila Ijumaa naichukua mimi kwenda Maskati, na nikiiona njia ya Bidbid nyeupe, haina magari, sijizuii kukanyaga mafuta. Rada ikinipiga picha, nalipa faini kimyakimya kwenye simu. Nilidhani yamekwisha. Kumbe pointi za makosa zilikuwa zikiandikwa kwenye leseni ya Mama, maana gari ina jina lake.

Juzi nilimpeleka Mama kituo cha polisi mjini Ibra kuihuisha leseni hiyo. Kiarabu cha Mama ni cha kuombea maji, kwa hivyo mkalimani nikawa mimi. Askari akasema kwa Kiarabu, "Pointi zimejaa, leseni inasimamishwa. Muulize nani alikuwa akiendesha."

Nikamgeukia Mama. "Anauliza kama gari ni yako."

"Ni yangu, mwanangu."

Nikamwambia askari, "Anasema ni yeye." Hadi sasa nikikumbuka naona haya.

Askari akaweka kalamu chini, akamtazama Mama. "Shikamoo, bibi," akasema, kwa Kiswahili cha Unguja safi kuliko changu. "Mimi nimeuliza nani alikuwa akiendesha."

"Marahaba," Mama akajibu, huku akinitazama mimi.