Chakula cha Kaka

Nyumbani kwetu nyama ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo hakuwepo. Sisi wengine, baba, mama na mimi, tulikula githeri tupu, mahindi na maharagwe. Ya kaka ilitiwa vipande vya nyama, mama akaifunga sufuria ndogo kwa leso na kunikabidhi niipeleke kituo cha polisi. Tulikuwa tukiishi Kajiado wakati huo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na kinyongo kingi.

Zilikuwa siku za chama kimoja, mtu mzima ananong'ona hata akitaja bei ya sukari. Kaka, aliyekuwa mwalimu, alichukuliwa darasani kwa sababu ya karatasi fulani zilizokutwa mkobani mwake. Waliomchukua hawakusema wanampeleka wapi. Mama akaamua yuko pale kituoni, na kwamba mradi chakula kinapelekwa kila adhuhuri, hakuna askari atakayethubutu kusema hamjui. Hiyo ndiyo iliyokuwa siasa yake yote.

Kila siku askari wa kaunta alinipa jibu lile lile: "Hayuko hapa, msichana. Rudisha hiyo chakula kwenu." Nilikirudisha, mama akampa mbwa wa jirani, maana chakula cha kaka hakikuliwa na mtu mwingine. Mbwa yule alinenepa sana.

Siku moja, baada ya miezi miwili, niliketi kando ya reli nikafungua leso. Mwenye njaa hana miiko, wasema wahenga, lakini sitajificha nyuma ya wahenga: nilikula kwa hasira zaidi kuliko njaa. Kaka alikuwa ameondoka na mama mzima mzima. Nililamba hadi mchuzi.

Nilikuwa nimeandaa uongo kwamba nilijikwaa, kikamwagika. Sikupata nafasi. Mama alifunua sufuria, akapiga nduru.

"Amekula! Kijana yangu ako hai!"

Akanikumbatia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kaka achukuliwe, na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza ili asiniachilie.

Habari ikawafikia majirani wawili ambao waume zao pia walikuwa wamechukuliwa, mmoja Mkamba aliyeshona nguo, mwingine Mmaasai aliyeuza maziwa. Hadi siku ile walikuwa wakilia ndani ya nyumba zao, mlango umefungwa.

"Kama wako anakula, basi hata wetu wako huko ndani," akasema yule wa maziwa.

Kesho yake wote watatu walikwenda kuketi kwenye lango la kituo. Walimwagiwa maji, wakapigwa virungu, mama akavunjwa mkono. Hawakuondoka. Siku ya tano waume wale wawili walitolewa, wamekonda, ndevu zimewajaa. Kaka hakutoka. Wao walisema hawakumwona hata mara moja.

"Wamemhamisha," mama akasema. "Lakini alikula."

Serikali ile iliondoka, nyingine zikaja. Tulihamia Kitengela, mama akazeeka akipanda ngazi za maofisi. Baba alipoomba kaka afanyiwe ibada ya wafu, mama alikataa katakata. Mara nyingi nilitaka kumwambia. Nilianza, "Mama, ile siku ya sufuria," macho yake yakang'aa, akaniomba nisimulie tena vile askari alivyonirudishia sufuria tupu. Nami nikasimulia. Kadiri miaka ilivyokwenda nilimwongezea yule askari pengo la meno, kisha kikohozi, na mama akacheka kila mara. Nilimpenda sana akicheka.

Mwaka juzi mama alifariki, baba akiwa ametangulia, akiniachia kazi moja: "Usiache kumuulizia." Kwa hiyo mwezi uliopita nilienda Kajiado, kwenye ofisi ambako wanapokea malalamiko ya zamani. Karani, msichana mwenye adabu, alifungua faili mpya.

"Mum, kuna kitu yoyote inaonyesha alikuwa hapa?"

Hapo ningeweza kusema ukweli, na hakuna aliyebaki wa kuumia. Lakini nina hamu na kaka yangu, na mikono yake yenye chaki akinisahihishia hesabu. Nina hamu na mama hata zaidi. Na tangu kaka achukuliwe, siku pekee tuliyokuwa naye nyumbani ni ile niliyodanganya.

"Andika kwamba alikula," nikamwambia.