Mdiria wa Tuta la Chumvi

Mimi ni mpiga picha wa harusi, tena upande wa wanawake tu. Bagamoyo bado kuna nyumba nyingi ambazo bibi harusi akishafunuliwa uso, mwanamume haingii hata akiwa na kamera. Hapo ndipo ninapoitwa mimi. Ijumaa mpaka Jumapili nashinda kwenye kumbi na nyua za watu, nikiwaambia wenzangu inua kidevu, shusha bega, geukia huku. Katikati ya wiki nakaa dukani kwangu Dunda, napiga picha za pasipoti, na siku nyingine hata za pasipoti hazipo.

Mambo ya ndege yalinianza mwaka juzi, wakati wa kusi. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa ameacha kupiga picha kwa sababu ya macho. Akaniletea lenzi yake ndefu, nzito kama mchi, akasema, "Kaa nayo wewe. Mimi hata sura ya mtu aliye mlangoni siioni." Kwenye harusi lenzi ile haikuwa na kazi. Nikaanza kuibeba asubuhi nikishaswali, napita nyumba za mawe na magofu, naelekea kaskazini ya mji mpaka kwenye mabwawa ya chumvi, pale mikoko inapokoma na ardhi ikawa tambarare, nyeupe.

Sikuwa na ujuzi wa ndege. Yangeyange nilimjua, kwarara nilimjua kwa kelele zake. Wengine nilijifunza kwa kukosea. Picha zangu za mwezi wa kwanza ni mikia, mabawa yaliyokatwa nusu, na maji matupu pale alipokuwa ndege sekunde moja kabla. Hata hivyo nilikuwa narudi nyumbani nimetulia, na mume wangu akaacha kuniuliza nafuata nini huko.

Aliyenipokea kule ni mama mmoja mkwangua chumvi, wa rika la mama yangu mzazi, mwembamba, miguu imepasuka kwa maji ya chumvi. Siku ya kwanza nilimwamkia nikiwa bado mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea njia?"

"Hapana, nimekuja kupiga picha ndege."

Aliitazama lenzi, kisha akavitazama viatu vyangu. "Basi vua hivyo. Tuta la upande huo linateleza."

Ndivyo nilivyoruhusiwa. Nilikuwa nakaa juu ya tuta, lile boma la udongo linalozuia maji ya mfereji yasiingie kwenye mabwawa, naye anaendelea na reki yake. Asubuhi moja nikaona tundu ubavuni mwa tuta, upande wa mfereji, duara kama mdomo wa kikombe. Mdiria akatoka humo kama aliyerushwa. Ni yule mweusi na mweupe, anayesimama hewani juu ya maji kisha akajitupa kichwa chini. Nilipotega sikio nikasikia sauti ndogo ndani. Alikuwa na makinda.

Nilifurahi kama mtoto. Kesho yake nilifika mapema, nikakaa hatua sita tu kutoka kwenye lile tundu. Ndivyo nilivyozoea kazini, kusogea mpaka nione kope. Mdiria akaja na samaki mdomoni, akatua kwenye kijiti cha mkoko mbele yangu, akakaa. Nikapiga. Akaruka, akazunguka, akarudi kwenye kijiti. Nikapiga tena. Kwa asubuhi tatu mfululizo nilipata picha ambazo sijawahi kupata: jicho linang'aa, samaki anameremeta, tone la maji linaning'inia.

Siku ya tatu nikampelekea yule mama kamera ili aone. Alipangusa mikono kwenye kanga, akainama kwenye kioo, nami nikawa namfungulia picha moja baada ya nyingine. Alizitazama mpaka mwisho.

"Nzuri," akasema. "Na samaki aliwapelekea saa ngapi?"

Sikumwelewa.

"Huyu samaki. Hapa anaye mdomoni, hapa anaye, hapa bado anaye. Aliwapelekea wanawe saa ngapi?"

Nikarudi nyuma kwenye picha, safari hii nikitazama saa zilizoandikwa chini. Katika picha za asubuhi hiyo samaki alikuwa ni yule yule. Katika picha ya kwanza alikuwa anameta. Katika ya mwisho, karibu saa nzima baadaye, alikuwa amekauka na kujikunja mkia. Hakukuwa na picha hata moja ya mdiria akiingia tunduni.

"Anakuogopa," akasema yule mama, bila ukali. "Mimi namwona tangu juzi. Nikasema labda wewe mwenye mashine unaona zaidi yangu, utaondoka mwenyewe."

Nikachukua vitu vyangu, nikazunguka mabwawa mpaka kwenye mikoko ya ng'ambo, nikachuchumaa nyuma ya majani. Hata sijakaa vizuri, mdiria akaja, akapita moja kwa moja ndani ya tundu. Akatoka, mwenzake akaingia. Kutoka nilipokuwa walionekana kama punje. Sikupiga picha. Nilihesabu tu safari zao mpaka jua likawa kali.

Wiki iliyofuata bamvua lilikuwa linakaribia, na siku za bamvua maji hujaa kuliko kawaida. Msimamizi wa mabwawa, kijana mpole wa maneno machache, akaanza kukagua matuta. Alipofika kwenye lile tundu akaita aletewe udongo.

"Ngoja kwanza, baba," yule mama akamwambia. "Mna makinda humo."

"Mama, maji yakipata tundu hili tuta linakatika. Chumvi yote hii itayeyuka, na wewe ndiye uliyeikwangua."

Alikuwa na haki, na sote wawili tulijua. Mimi sikuwa mtu wa pale. Yule mama akazunguka upande wa ndani wa tuta, akapiga hatua, akasimama mkabala na tundu. "Mwisho wa tundu utakuwa hapa. Tukiongeza udongo huku ndani, tukaushindilia, maji yakiingia yataishia kwenye tundu. Hayatapita."

Msimamizi alifikiri. "Na nani ataubeba? Watu wangu wote wako kwenye mlango wa maji."

"Mimi," nikasema. Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Mimi na mama."

Kesho yake niliiacha kamera nyumbani. Tulibeba udongo kwa karai kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, tukaswali, tukarudi. Yule mama alishindilia kwa miguu, taratibu, kama anayekanda unga. Kila tulipokaa mbali kupumzika, wale ndege walirudi kulisha. Jioni sikuweza kunyanyua mkono kuchana nywele.

Bamvua lilipofika, maji yalijaa baada ya alasiri. Tulisimama watatu, mimi, mama na msimamizi, tukiyaona yanapanda mfereji bila kelele, yanachukua majani na mapovu. Yakafika kipimo cha vidole viwili chini ya tundu, yakasimama hapo, yakaanza kurudi.

"Ya alfajiri ndiyo makubwa," msimamizi akasema.

Asubuhi niliyaona mapovu yamekauka juu ya mdomo wa tundu. Tuta lilikuwa zima, chumvi ilikuwa salama. Lakini ndani kulikuwa kimya, na wadiria hawakuwepo. Yule mama alinitazama, akaendelea na reki. Siku hiyo na iliyofuata nilikaa dukani.

Siku ya tatu yule mama akanipigia simu. "Njoo na mashine yako. Kaa kule kule kwenye mikoko."

Nikawakuta kwenye kijiti, wanne. Wakubwa wawili, na wadogo wawili wenye midomo mifupi na vifua vyenye kivuli cha kijivu. Tundu linapanda kidogo kwenda ndani, mama akanieleza baadaye, na pengine maji hayakufika juu kabisa. Au pengine kulikuwa na wengine ambao hawakutoka. Nilipiga picha moja tu iliyo sawa, ya mbali, ndege wadogo, maji mengi.

Walipohama, msimamizi alikuja kuliziba tundu. Yule mama alilifukua kwanza kwa jembe, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa gao la mifupa midogo ya samaki, linanuka. Hapakuwa na kinda ndani. Alitabasamu, akanawa mferejini, akasema ana uji wa mtama kwenye chupa, tukaenda kuunywa.