Fundi wa Friji

Hospitalini kwetu hakuna anayesema chumba cha maiti. Tunasema friji. Nani yuko zamu friji leo, ufunguo wa friji uko wapi. Mgeni akitusikia atadhani tunauza soda. Kwa hiyo mwenzangu alipokwenda kujitambulisha ukweni, akaulizwa kazi yake, akajibu kwamba yuko kwenye friji, hakusema uongo. Wao ndio waliosikia fundi. Binti akatabasamu, wajomba wakamsogezea kiti kizuri, naye akakikalia. Kitanzi alijivisha mwenyewe siku ile.

Basi akawa Fundi, mpaka kwa mkewe ndani. Aliomba ahamishiwe stoo ya dawa, ili siku ukweli ukija kujulikana uwe umeshapitwa na wakati. Mkubwa wetu wa kazi akamwambia ombi lake liko kwenye friji. Sisi tulicheka hadi machozi. Yeye hakucheka.

Friji ya mama mkwe, sasa, haikai jikoni. Iko sebuleni, imevalishwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki kichwani, na mgeni lazima aione kabla hajaketi. Jumamosi moja ikazima, na nyama ya wageni imo ndani. Aitwe nani kama si mkwe?

Alikwenda na bisibisi ya kuazima. Akajibanza kati ya friji na ukuta, akafungua skrubu ambazo hakujua zimeshika nini. Mama mkwe akavuta stuli akaketi palepale penye upenyo, ili amwone fundi wake akifanya kazi. Kutoka hakuna. Alikuwa ameanza kuomba umeme ukatike mtaa mzima, mkono ukagusa plagi, kumbe imelegea tu. Akaisukuma, friji ikanguruma.

Mama mkwe akamshukuru Mungu, halafu akataka mazungumzo. Akauliza hizo friji za kazini ni kubwa kiasi gani, na zinahifadhi nini, vyakula au dawa. Angeweza kusema dawa, yangeisha. Aliniambia alikuwa amechoka, amechoka kabisa.

"Watu, mama," alisema. "Waliofariki. Kazi yangu ni kuwaosha na kuwaweka."

Mama akaitazama ile mikono, iliyombeba mjukuu wake asubuhi. Akauliza kama mkewe anajua. Hajui.

"Basi asijue, mwanangu. Na mimi sijasikia kitu."

Aliponisimulia hadi hapo nikampongeza, nilidhani ametua mzigo. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa kitu. Maana mama mkwe alipoinuka na kumpisha, jirani alikuwa amesimama mlangoni anasubiri. Zamani mama angemshika mkwewe bega. Safari hii alirudi nyuma, akamwonyesha kwa kidole.

"Fundi wetu ndiye huyu," alimwambia jirani. "Nenda naye sasa hivi, akakuangalizie na yako."

Akaenda.