Namba ya Kaka kwenye Kona

Kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mchoraji wa vibao vya maduka huandika namba yake ya simu chini, kwenye kona. Ndiyo matangazo yetu. Vibao vyangu vyote vilikuwa na namba ya kaka yangu, na kaka yangu hajui kuchora hata kuku.

Mwanzoni niliandika yangu. Watu walipiga, wakasikia sauti ya mwanamke, wakasema, "Mama, patia fundi simu." Nikijibu kwamba fundi ni mimi, wanacheka, wanakata. Nilichoka. Nilipobadilisha namba, kazi zilikuja tele, na sokoni kaka akaanza kuitwa Artiste. Aliitika bila haya, yule!

Siku moja alipigiwa na mama mmoja wa Mbarara, mwenye saluni kule Kamukuzi. Alikuwa ameona kibao changu Isingiro, akataka ukuta wake wa mbele uchorwe sura tatu za wanawake waliosukwa. Sikuwa nimewahi kupata ukuta. Niliutaka ule kuliko kitu chochote tangu tuvuke mpaka. Lakini mama alisema aje fundi mwenyewe, basi tukaenda wawili: kaka na shati lake la kanisani, mimi na makopo ya rangi.

Kaka alikaa kwenye kiti, akinielekeza. "Ongeza nyeusi pale." Mwenye saluni alimletea soda. Mimi aliniambia nisimwagie rangi sakafu yake.

Nilichora siku mbili. Sura ya tatu ilikuwa ya mama yangu, tuliyemzika Uvira, na kale kakovu kake juu ya jicho. Sina picha yake nyingine. Nilipomaliza mdomo, nilisogea nyuma nikalia kidogo, kwa furaha.

Mwenye saluni akaja, akamwambia kaka, "Fundi, hii mdomo bado. Ongeza rangi."

Kaka angeweza kukataa. Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji: alinyanyuka, akachukua brashi mkononi mwangu. Ningeweza kusema. Niliogopa tutafukuzwa, nipoteze ukuta wangu wa kwanza, nikamwachia brashi. Alipaka nyekundu mpaka mdomo wa mama ukavimba kama wa mtu aliyeumwa na nyuki.

"Eh!" mwenye saluni akapiga makofi, akanigeukia. "Umeona? Hiyo ndiyo mkono ya fundi."

Alipoingia ndani, kaka hakuweza kunitazama. "Dada, unisamehe. Andika namba yako."

Chini ya sura mbili za kwanza niliandika namba yangu. Chini ya mama niliandika yake, maana mdomo ule haukuwa wangu tena.

Wengi hupiga simu kuhusu ukuta ule. Wanasema wamependa sana ile sura ya tatu. Simu inayolia ni ya kaka.