Shakwe wa Arobaini Yangu

Wanaume wengine, mke akijifungua mtoto wa kwanza, humletea doti ya kanga. Wangu aliniletea shakwe.

Ilikuwa masika, katikati ya miaka ya hamsini, siku ya nne tangu nijifungue, nami nimefungiwa ndani nyumbani kwa mama mkwe wangu, Chumbageni. Nasema nimefungiwa kwa sababu ndivyo nilivyojiona. Zamani zile mzazi hakutoka mpaka arobaini itimie. Alikaa chumbani, akakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akanywa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na habari za mji akazisikia kupitia dirishani. Mimi ambaye hata siku ya harusi yangu nilishindwa kukaa kitako, niliziona siku arobaini ni mwaka mzima.

Mume wangu alifanya kazi bandarini, kwenye matishari yaliyokuwa yakipeleka marobota ya katani melini. Ndege huyo alimkuta juu ya tishari, amenaswa na mshipi wa kuvulia, bawa moja limeteguka na kidole kimoja cha mguu kimekatika. Alimtia ndani ya tenga la machungwa ya Muheza, akaja naye mpaka nje ya dirisha langu, akaliinua tenga juu ili nione.

"Nimekuletea mke mwenza," alisema.

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Ndege mwenyewe hakuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa mkubwa kuliko kuku, rangi ya kahawia iliyojaa madoadoa, mdomo mweusi, na ananitazama kama mtu niliyemdhulumu. Mume wangu akanieleza kwamba huyo ni jike. Bandarini hilo halikuwa na mjadala: shakwe mweupe mwenye mgongo mweusi ni dume, na huyu wa kahawia ni jike, kama vile jogoo anavyopendeza kuliko mtetea. Nilikuwa sijui lolote la shakwe, nikakubali. Jina la mke mwenza likamkaa palepale.

Mama mkwe wangu hakufurahi. Uani mwake walikuwamo kuku kumi na wawili, aliowakusanya mmoja mmoja tangu mimba yangu ilipojulikana, wote kwa ajili ya karamu ya arobaini. Mjukuu wa kwanza huyo, na alitaka pilau lake lisimuliwe mpaka Tongoni kwa ndugu zake. Alikubali shakwe akae chini ya upenu, mbele ya mlango wangu, mpaka bawa lipone. Bawa likipona, alisema, arudi kwao.

Basi nikapata cha kutazama. Hamjui raha ya kupata cha kutazama ninyi mnaotoka mtakapo. Mtoto akinyonya, mimi macho kwa shakwe. Nilijua anavyolala, amesimama kwa mguu mmoja, na anavyokula vichwa vya samaki aina ya changu, anavimeza vizima na kukodoa macho kama aliyekabwa. Kuku walimwogopa. Jogoo alimpitia mbali, akijifanya ana shughuli kwingine.

Siku ya kumi asubuhi niliona unyoya mrefu umelala karibu na kizingiti. Kutoka nje siruhusiwi, kwa hiyo niliuvuta ndani kwa ufagio. Ulikuwa unyoya wa bawa, umepauka kwa jua, ncha yake imechakaa na kusagika. Kesho yake nikavuta mwingine. Baada ya siku tatu, mwingine tena, na hivyo ikaendelea. Niliyaficha manyoya hayo chini ya mto wa mtoto, sijui kwa nini, nadhani kwa sababu yalikuwa yangu na katika nyumba ile vitu vyangu vilikuwa vichache.

Kufika siku ya ishirini alianza kudondosha na yale madogo ya mgongoni na shingoni. Yalipeperuka uani kote. Yaliingia kwenye maji ya kuoshea mchele, na moja nililikuta kwenye uji wangu. Mama mkwe alifagia, akafagia tena, bila kusema neno, na mimi niliyemzoea nilijua kwamba kimya hicho si cha heri.

Neno lilisemwa na bibi aliyekuwa akinikanda. Bibi huyu alikuwa na mikono migumu na roho nzuri, na nusu ya watoto wa mtaa ule walizaliwa mbele yake. Miaka miwili nyuma kideri kiliingia kwake, na kwa siku tatu tu kuku wake wote wakafa, yeye anawatazama. Hakufuga tena. Siku ya ishirini na sita, anaponikanda tumbo, aliona kupitia mlango manyoya yaliyotapakaa uani, na mikono yake ikasimama. Alimwita mama mkwe, akamwambia kwake kulianza hivihivi. Huyo ndege ni mgonjwa, kesho kutwa hapana kuku atakayesimama, na arobaini itapikwa kwa dengu. Auawe leo hii, afukiwe mbali, na pale alipolala pamwagwe majivu.

Mama mkwe hakubisha. Nilisikia viatu vyake vya miti vikielekea jikoni, na najua alifuata nini, kwa kuwa kisu chake alikinoa kwenye jiwe la mlangoni na kila mtu nyumbani aliijua sauti ile.

Nilikuwa nimelala chali, mafuta mwili mzima. Siwezi kueleza hasira iliyonipanda. Nilimsukuma bibi wa watu, nikajifunga kanga, nikachukua manyoya yangu yote chini ya mto, nikavuka kizingiti. Bibi alinifuata akilia kwamba upepo utaniingia, kwamba mzazi mbichi hatoki hivyo, kwamba nimeichoka roho yangu. Nilijua nafanya kosa. Nilichuchumaa mbele ya shakwe, nikayamwaga manyoya yale kwenye mkeka wa upenuni, nikiwa sina hata hoja moja kichwani. Nilitaka tu kisu kikifika kinikute mimi kwanza.

Hapo ndipo nilipoona.

Yalikuwa manyoya manane. Nilipoyatandaza, manne yalipinda kwenda kulia na manne yalipinda kwenda kushoto. Nikachukua moja la kulia na moja la kushoto, nikayaweka pamoja, yakalingana urefu kama jozi ya makubazi. Nikajaribu mengine mawili, hivyohivyo. Jozi nne kamili. Nilimkamata shakwe, akaniuma hapa kwenye kidole gumba, kovu ninalo mpaka leo, nikalivuta bawa la kulia likafunguka. Katikati palikuwa na pengo. Nikafungua la kushoto, na pengo lilikuwa palepale, sawasawa. Na ndani ya mapengo yale, machipukizi! Manyoya mapya, membamba, kila moja ndani ya ala yake yenye rangi ya wino, na moja lilikwisha kuitoboa ala likachungulia, jeusi linang'aa.

"Mama, tazama," nilimwambia mama mkwe aliyekuwa amefika na kisu chake. "Ugonjwa ungeyang'oa ovyo. Huyu anayavua mawili mawili, na anavaa mengine."

Mama mkwe alitazama mkeka, akanitazama mimi, kichwa wazi na mafuta yakinichuruzika, nadhani akaona kichaa cha uzazi kimenipata. Alimgeukia bibi.

Bibi naye alikuwa mtu wa mikono, maneno hakuyaamini sana, yangu wala ya mtu mwingine. Alipiga magoti, akampokea shakwe, akambana kwapani kama anavyobana watoto, akaanza kumpapasa. Alipapasa kifua. Alifuata mfupa wa bawa lililoteguka mpaka mwisho. Aligusa chipukizi moja baada ya jingine kwa ncha ya kidole, na shakwe, ambaye alikuwa amenitoa damu mimi, akatulia.

"Mgonjwa hana nyama hii," alisema mwishowe. "Kirudisheni kisu ndani."

Halafu alipuliza manyoya ya mgongoni yakafunuka, na sote watatu tukainama. Chini ya yale ya kahawia yalikuwa yanatoka mengine, ya kijivu kizito, karibu na weusi. Nilikuwa nimeyaona tangu juzi nikadhani ni masizi ya jikoni. Mgongo wa dume, kama wanavyosema bandarini, ulikuwa unaota juu ya jike.

Mama mkwe alikaa kitako kwenye mkeka. Siku ya saba alikuwa amempakata mwanangu wakati anaponyolewa nywele alizozaliwa nazo, ili zije nyingine za kudumu, na zile za kwanza alizifunga mwenyewe kwenye kitambaa.

"Basi huyu naye zinamtoka za tumboni," alisema. "Ni mtoto huyu."

Nilitaka kupiga vigelegele. Mtoto! Si jike wala dume, mtoto tu, na wanaume wa bandarini wamewatazama hawa ndege maisha yao yote wasijue. Tumejua sisi, wanawake watatu uani, mmoja hajamaliza hata arobaini. Bibi alinirudisha ndani kwa kunivuta sikio, akanikanda upya kwa maji ya moto kuliko ya kwanza, lakini nilisikia anacheka.

Mume wangu hakukubali. Alisikiliza nje ya dirisha, akauliza kama nina homa. Aliwasimulia wenzake kwenye tishari, nao wakampa salamu aniletee, ambazo sitazitaja.

Siku ya arobaini ilifika na kuku hakukohoa hata mmoja. Kufika adhuhuri wote kumi na wawili walikuwa kwenye sufuria, pamoja na yule jogoo mwenye shughuli kwingine, na ndege pekee aliyebaki hai uani alikuwa shakwe. Bibi alimpa shingo ya kuku kwa mkono wake mwenyewe. Jioni, safari yangu ya kwanza nje ya nyumba ile, nilimpeleka ufukweni, mwanangu begani kwa bibi na shakwe kwapani kwangu. Alisimama majini, akajinyoosha, akaruka. Alikwenda upande kidogo, kisha akanyooka. Nililia kwa furaha mbele ya watu na sikuona haya.

Mwanangu alikuwa ameshaanza chuo cha Kurani, anasoma juzuu ya kwanza, siku mume wangu aliporudi mchana usio wake, msimu wa kaskazi. Hakuingia kwa mlango. Alikuja dirishani, palepale pa siku ile.

"Mke mwenza wako yuko kwenye tishari," alisema. "Kidole kimoja hana."

Nilimuuliza yukoje. Alisema mweupe kama kanzu ya Idi, na mgongo mweusi. Nilimuuliza wenzake wanasemaje sasa. Alikuna kichwa.

"Wanasema huyo ni dume. Yule jike, wanasema, tulimla kwenye pilau."

Nilijifunga kanga, nikamshika mwanangu mkono, nikatoka kwenda bandarini kugombana nao.