Risiti Zenye Jina Langu

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika ishirini mchana, wiki ya pili ya likizo. Najua saa kwa sababu nilikuwa nimeikazia macho saa ya ukutani ili nisimtazame usoni yule afisa wa kodi. Mimi watu wakinitazama maneno hunikimbia. Hata darasani nikiulizwa swali, najibu nikiangalia kidole changu. Kwa hiyo Mama alizungumza, mimi nikashika faili.

Mama anauza sare za shule katika soko la Owino, Kampala. Alianza na cherehani moja mlangoni kwetu, kambi ya polisi, ambako tunaishi kwa sababu Baba ni askari, ingawa Baba mwenyewe alihamishiwa kwao kaskazini zamani. Mwaka jana Mama alikodi duka la pili, mtaa wa Kasubi. Akaweka rafu, kaunta na mlango wa chuma. Kisha akanunua programu ya kompyuta ya kuhesabu mali ya maduka yote mawili na kutoa risiti. Aliiita karani. "Karani wangu huyu hali chakula cha mchana, wala hafiwi na shangazi kila Ijumaa," aliwaambia majirani zake sokoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kuitumia.

Halafu ikaja barua ya kodi. Gharama zote za kufungua Kasubi, pamoja na karani, zimekataliwa. Maana yake pesa aliyoitumia inahesabiwa kama faida ambayo bado anayo, na aitolee kodi.

"Wanataka nilipie pesa ambayo imekwisha kuwa mlango," Mama alisema.

Akiilipa, hana pango la Kasubi mwezi huu. Na mwenye nyumba alishamwambia kuna mtu wa chipsi anakitaka kile chumba.

Afisa alikuwa kijana, shati limenyooka vizuri. Alianza kwa Kiganda. Mama alipojibu kwa lafudhi yake ya Kenya na kutaja kambi ya polisi, yule kijana akatabasamu, akageuza ulimi. Akaanza Kiswahili kile ambacho watu wa Kampala hutumia kuigiza askari wa vizuizi vya barabarani.

"Nyabo, mama, hii risiti ya programu ya nani?"

"Yangu."

"Hapana yako. Hapa iko jina ingine." Akalisoma jina langu lote, polepole, kama mwalimu anayeita waliochelewa. "Huyu nani?"

Mama akanielekezea kidevu. "Huyo."

"Huyu mutoto?" Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili. "Bwana, njoo uone tajiri. Iko na maduka, na bado inavaa soksi ya shule."

Wakacheka. Mama hakucheka. Mimi nikatazama saa.

Ni kweli, risiti ya programu ina jina langu. Ya fundi wa rafu ina jina langu, na ya mlango pia. Cherehani ya kwanza ina jina la kaka yangu. Hakuna mke kambini asiyejua sababu. Afande akifa, au akioa huko alikohamishiwa, ndugu zake huja na pikapu. Hubeba kitanda, friji, cherehani, hata pazia. Lakini kitu chenye jina la mtoto hawakigusi, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wao na kumnyang'anya ni aibu. Mama alimwona jirani yetu akitoka chumbani kwake na magodoro mawili tu. Tangu siku hiyo kila anachonunua cha maana hukiandikisha kwa mmoja wetu. Hakujua kwamba kwenye kodi mtu unayemwandikisha ndiye mnunuzi.

Alijaribu kumweleza. Afisa akamkatiza. "Hiyo mambo ya kambi, peleka kambi."

Kisha akasema hata jina lingekuwa la Mama, rafu na programu si kama uzi na vifungo. Vinatumika miaka mingi, kwa hiyo gharama yake hukatwa kwenye faida kidogo kidogo kila mwaka, si yote kwa mara moja. Hapo sikukasirika. Rafu itakaa, hiyo ni haki. Kilichonichoma ni alichoandika kwenye faili, nikakisoma kichwa chini miguu juu: matumizi ya nyumbani, zawadi kwa mtoto. Mwaka mzima wa Mama, kuamka saa kumi na moja, vidole kuchomwa sindano, kumbe alikuwa ananinunulia zawadi.

"Kesho saa sita faili inaenda kwa wakubwa," alisema.

Na mimi nilikuwa na jibu. Hilo ndilo linaloniuma nikiandika. Kila risiti ambayo karani ametoa tangu tumnunue ina jina la Mama na namba yake ya kodi. Kama programu ni zawadi yangu, mbona imefanya kazi yake yeye kila siku? Nilikuwa na maneno hayo yote mdomoni. Nikayameza.

Nyumbani Mama alimpigia Baba simu, akaweka sauti ya nje huku akimenya viazi.

"Kwani kwa nini hukuandika jina langu?" Baba akauliza.

Mama akaendelea kumenya. "Ungekuwa mke, ungejua."

Baba akakohoa, akauliza habari za mvua.

Baadaye Mama akaweka funguo za Kasubi juu ya meza, kando ya kikombe, tayari kuzirudisha kwa mwenye nyumba. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ulivyokuwa ukiitazama ile saa, nilidhani itasimama itutetee."

Ningependelea anipige kofi.

Asubuhi Mama alipokuwa kanisani kwa sala ya alfajiri, nilichukua kompyuta, faili na zile funguo. Kwenye kibanda cha fotokopi nilichapisha risiti za karani, za miezi yote, mpaka mwenye kibanda akauliza kama naandika kitabu. Saa tatu nilikuwa mbele ya meza ya yule afisa.

"Tajiri amerudi," akasema.

Nilianza nikiangalia kidole changu. "Jina langu liko kwenye risiti tatu. La mama yangu liko kwenye hizi zote." Nikaziweka mezani. Zilikuwa nzito, zikaangusha kalamu yake. Hapo nikamtazama. "Zisome kwa sauti, kama ulivyosoma langu jana."

Hakusoma kwa sauti. Alipitisha kidole kwenye karatasi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kisha, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, akasema gharama zinaweza kuangaliwa upya, zikigawanywa kwa miaka, ila lazima kuwe na pingamizi la maandishi na Mama atie sahihi kabla ya saa sita. Akanipa fomu. Nikamwomba kwanza akate yale maneno ya zawadi. Akakata, mstari mmoja.

Nikampigia Mama aje na kitambulisho. Alitia sahihi saa nne na nusu, fomu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na kodi ikawekwa kando hadi pingamizi liamuliwe. Hakuniuliza nimesema nini. Alinyoosha mkono akitaka funguo.

"Ninazo mimi," nikamwambia, nikapanda boda hadi Kasubi, nikafungua mlango.