Watoto wangu walilala juu ya choo ya watu

Admin, weka hii lakini jina langu hapana, sababu familia ya bwana yangu wanasoma ukurasa huu kila siku. Niko na miaka ishirini na tatu, niko mama wa watoto wawili. Mukubwa ana miaka mitatu, mudogo ameanza kutambaa. Tunaishi hapa Kisangani, ku Mangobo. Masomo yangu ilikomea shule ya primaire, donc munisamehe makosa ya kuandika. Kitu nitakachowaambia kinanuka. Wenye kuwa wanakula sasa, mumalize kwanza.

Mwaka uliopita tulipata nyumba ya matofali, ya zamani, ya kununua. Tangu tuoane tulikuwa wapangaji, leo hapa, kesho tunafukuzwa. Bon, ile nyumba niliipenda tangu mara ya kwanza: madirisha makubwa, upepo muzuri, na chumba kidogo nyuma chenye sakafu mupya na rangi ya bluu. Nikasema moyoni, hiki ni cha watoto.

Jirani yetu wa zamani, papa mumoja fundi wa kujenga, alituambia: "Watoto yangu, nyumba ya zamani hainunuliwi na macho. Munipe siku moja tu. Nitapanda nione mbao za juu, nitapiga ukuta na sakafu na nyundo, nitauliza maji machafu inaenda wapi. Kisha mutalipa na roho imetulia." Bwana yangu akakubali. Lakini tonton wake, mudogo wa baba yake, ndiye alikuwa komisioneri, mutu wa katikati yetu na muuzaji. Alicheka mupaka akakohoa.

"Nyundo ku nyumba ya mutu? Iyo ni matusi! Wewe ulipomuoa huyu mama, ulimufungua kinywa uhesabu meno? Muuzaji atakasirika, atapatia wengine."

Bwana yangu akaona haya. Tonton ndiye alisimamia ndoa yetu, nani angemupinga? Badala ya fundi tuliita wamama wa maombi. Walipita kila chumba, wakaimba, wakamwaga maji ya baraka ku kila pembe, hata mule mwenye rangi ya bluu. Wakatuhakikishia nyumba haina pepo. Na kweli, pepo haikuwa. Tukalipa, tukahamia.

Mvua ilipoanza, kile chumba kikaanza kunuka. Nilizani ni panya amekufa. Nilisafisha na dawa ya Javel asubui na jioni, nikachoma ubani, nikamugombeza mukubwa kwamba anakojoa pembeni. Masikini, analia: "Mama, si mimi!" Harufu ikaingia ku mashuka, ku nguo, hata nikitwanga ndizi ya lituma niko naisikia. Siku moja nikakuta mudogo amekaa chini anatafuna kitu. Nikamutia kidole kinywani. Funza nyeupe, nene, yenye mukia, na ilikuwa bado inatembea. Zingine zilikuwa zinatoka ku ufa wa simenti, zinafuatana kama watu wanaotoka misa. Nilitapika pale pale, mutoto mukononi. Nyuma ya siku mbili akashikwa na kuhara, tukalala hospitali.

Tuliporudi niliita yule papa fundi, sikumuuliza mutu. Hakunilaumu hata kidogo. Alipiga sakafu, ikalia kama ngoma. Akavunja kipande pembeni, mende zikatoka mingi zikamupanda miguu. Akamulika na simu.

"Mama, hapa ilikuwa choo ya kuchimba. Haikujazwa. Walitandika mbao, wakamwaga simenti nyembamba juu, wakapaka rangi. Mbao imeoza. Toa kitanda sasa hivi, usingoje kesho."

Niliinama nikaangalia. Kitanda ya watoto wangu, chini yake simenti ya vidole viwili, chini ya simenti mavi ya watu.

Tulimuita Tonton. Alikula kwanza, mimi ndiye nilimupikia. Kisha akasema, akicheka: "Ah, ile shimo? Mimi nilizani walijaza! Tukiwa vijana tulikuwa tunakuja kunywa hapa, wote tulikuwa tunaendea mule."

Nikamuuliza: "Tonton, ulijua, na uliona nikilaza watoto mule?"

"Mama, usipandishe sauti. Kila nyumba iko na siri yake."

Tangu siku ile nikimuona anajifuta midomo, ninatoka inje.

Papa fundi anasema nyumba inaweza kupona: kutoa ule uchafu, kujaza mawe na udongo, kumwaga sakafu mupya, na sisi kujibana chumba kimoja muda ule. Mimi niko tayari. Yale madirisha bado ninayapenda. Lakini bwana yangu amechoka, hataki kusikia. Yeye na Tonton wameziba pembe na simenti, wamepaka bluu tena, wametandika kapeti ya plastiki, wamenunua manukato. Wanauza.

Juma iliyopita wakaleta bibi mumoja na bwana yake. Musichana kama mimi, mimba ya miezi saba. Alisimama juu ya ile kapeti, mukono ku tumbo, akaniuliza: "Dada, mutoto atalala muzuri humu, ao?" Bwana yangu alikuwa ananiangalia. Nikajibu: "Ndiyo." Aliniachia namba yake ya simu ili nimuonyeshe soko akishahamia. Ile "ndiyo" niko naisikia kinywani kama ile funza, na hii kinywa ni yangu, hapana ya Tonton.

Jumamosi wanakuja kulipa. Bwana yangu ameniambia, nikifungua kinywa nivuke muto nirudi kwa mama, na watoto nitawaacha. Si mutu mubaya, nawaapia. Ameogopa tu umaskini.

Wamama wenzangu, na nyinyi wapapa, musinitukane, munisaidie akili. Nimupigie yule musichana simu leo, nimwambie alete fundi na nyundo mbele ya kulipa? Ao ninyamaze nibaki na watoto wangu? Jumamosi iko karibu.